Intaneti iko sawa, simu za video haziko sawa: ofisi ya Upper Hill, tusaidiane

karani_ghorofani
Wadau hamjambo. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Upper Hill, Nairobi. Mambo ya mitandao sikuyasomea, ila kwa kuwa ndiye mdogo ofisini, kila kitu chenye waya huniangukia mimi.

Tuna shida mbili na sijui kama ni ndugu.

Ya kwanza ni Teams, ile programu ya Microsoft ya mikutano ya video. Tangu korti zianze kusikiliza kesi mtandaoni 2020, asubuhi nyingi mawakili wetu wamo humo wakingoja kesi itajwe. Kuingia wanaingia bila taabu, majina yanaonekana, hata ujumbe wa kuandika unafika. Kesi ikiitwa ndipo mambo yanaharibika. Picha inaganda, sauti inapotea, halafu maneno yote yanamwagika kwa mpigo yakiwa yamepitwa na wakati. Jaji ameshaitaja kesi nyingine, sisi ndiyo kwanza tunasikika tukisema "Mheshimiwa, nawakilisha mlalamikaji."

Ya pili ni mtambo wa video ulio kwenye chumba cha mikutano, ule wenye kamera yake na skrini kubwa. Unatumia SIP, ile lugha ya mitambo ya kupanga simu za mtandaoni. Tuna mteja Mombasa mwenye mtambo kama huo, na yeye ndiye hutupigia. Tukipokea, yeye anatuona na kutusikia vizuri, sisi hatumwoni wala hatumsikii. Kabla dakika haijaisha, simu inajikata. Kila mara.

Mtoa huduma amekuja, amepima kasi, amepata megabiti 40 kwenda na 40 kurudi, akasema kwake hakuna kasoro, akaondoka. Nianzie wapi?

Msumari
Hama mtoa huduma. Shida ya hawa watu inajulikana, utapoteza mwezi mzima ukipiga simu na kuwekewa muziki.

Nyuki_ThikaRoad
Labda ni nyaya za baharini tena. Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika kila mtu alikuwa analia.

fundi_swichi
Nyuki, nyaya za baharini zikikatika nusu ya Afrika Mashariki inalia kwa pamoja. Hapa analia karani peke yake na jirani zake wako kimya. Na Msumari, ukihama na faiwoli ile ile (kisanduku kinachochuja mawasiliano ya ofisi) utahama na shida yako.

Karani, kwanza kile kipimo cha kasi kiweke kando. Kwa kawaida kinatumia TCP, njia inayohakikisha kila kipande cha data kimefika, kama ile inayofungua tovuti. Hakikuambii lolote kuhusu UDP, njia inayotuma bila kungoja uthibitisho, na sauti na picha zinataka UDP. Zoom wanataja takriban megabiti 3.8 kwa picha ya 1080p, kwa hiyo ukiwa na 40 kasi siyo ugonjwa wako.

Simu ya video ina kazi mbili zinazopita njia tofauti. Kuna kazi ya kupanga: nani yumo, nani amenyoosha mkono, ujumbe wa kuandika. Hiyo hupita TCP 443 (443 ni poti, yaani namba ya mlango, ya tovuti), na hakuna faiwoli duniani inayofunga 443 kwa sababu ofisi nzima ingekosa intaneti. Halafu kuna sauti na picha zenyewe. Teams huzipitisha UDP 3478 hadi 3481. Zoom hutumia UDP 8801 hadi 8810, na Meet hutumia UDP 3478 pamoja na 19302 hadi 19309. Ndiyo maana mnaingia vizuri, majina yanaonekana, na bado hamsikilizani.

Sasa, faiwoli ikizuia UDP, programu hizi hazikati simu. Zinajibanza humo humo 443 kwa TCP, na hapo ndipo taabu ya mawakili wako inapoanzia. TCP haikubali kupoteza kitu. Pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea njiani, zote zilizo nyuma yake zinasimama kungoja itumwe upya. Kwa barua pepe hilo ni jambo jema. Kwa sauti ni balaa, maana neno lililochelewa sekunde tatu halina kazi tena. Hayo "maneno kumwagika kwa mpigo" uliyoyataja ni dalili ambayo nikiisikia tu naanza kushuku TCP. UDP ikipoteza pakiti, unasikia mkwaruzo kidogo na mazungumzo yanaendelea.

Nifanyie haya kabla hatujagusa kitu. Chukua laptopu moja ya wakili, iunganishe na hotspoti ya simu yako, ingia Teams, zungumza na mwenzako aliye nje ya ofisi. Ikiwa safi, laptopu haina hatia na Teams haina hatia. Kisha rudi kwenye mtandao wa ofisi, ingia mkutano huo huo kwa kivinjari cha Chrome badala ya programu, na mkutano ukiwa unaendelea fungua dirisha jingine uandike chrome://webrtc-internals. Ukurasa unatisha, una maandishi kama kilomita. Tafuta palipoandikwa "candidate-pair" iliyo hai, uone kama njia ni udp au tcp. Niletee hilo neno moja tu.

Na mtambo wa SIP ni ugonjwa mwingine. Tutaufikia.

mzee_wa_kebo
Niongeze kitu kabla hajaenda kuhangaika. Karani, akija fundi mwingine akakwambia "weka DMZ" (kuiacha kompyuta wazi kwa intaneti yote) au "zima faiwoli yote", mshukuru na umfungulie mlango atoke.

Msumari
Mzee, mimi ofisini kwangu niliweka DMZ na Zoom ikakaa sawa siku hiyo hiyo. Kwa nini mnafanya mambo magumu?

fundi_swichi
Kwa sababu DMZ inafungua milango ya kuingia, na Zoom, Teams na Meet hazihitaji mlango wowote wa kuingia. Hata mmoja. Laptopu ndiyo inayoanza kuongea na seva ya nje, na rauta ikishaona pakiti imetoka, inakumbuka na kuruhusu jibu lake lirudi. Unachohitaji ni ruhusa ya UDP *kutoka*. Wewe ulipoweka DMZ, inaelekea kisanduku kile kile kiliacha kuchuja UDP ya kutoka, simu ikapona, na ukabaki na kompyuta iliyoanikwa mbele ya dunia nzima bila sababu. Kaangalie kama bado iko hivyo.

karani_ghorofani
Nimerudi. Kwa hotspoti Teams ni safi kabisa, hata wakili mkubwa alishangaa. Kwa mtandao wa ofisi, neno ni tcp.

Nikamwomba aliyetuwekea faiwoli miaka hiyo anipe neno la siri, nikaingia. Kwenye orodha ya kanuni nimekuta ruhusa ya kutoka TCP 80, TCP 443, na 53. Chini yake kuna mstari mmoja unaozuia kila kitu kingine, isipokuwa ule mtambo wa video.

Jambo la ajabu: askari wa usiku analalamika kuwa mtambo wa chumba cha mikutano unaita wenyewe saa nane usiku. Kwenye skrini inaandika "1001". Akibonyeza kupokea, kimya. Ameanza kusema ghorofa letu lina mambo.

Nyuki_ThikaRoad
😂😂 Mwambieni askari aache kupokea simu za majini.

fundi_swichi
Tuanze na Teams maana umeshaipata.

Ule mstari wa 53 ni wa DNS, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Hiyo orodha ni ya mtu aliyejua kuzuia lakini hakuwazia simu za video, au aliiweka kabla hazijawa kazi ya kila siku. Usimlaumu sana. Juu ya ule mstari wa kuzuia, ongeza kanuni moja: kutoka mtandao wa ndani, UDP, poti 3478 hadi 3481, kwenda 52.112.0.0/14 na 52.122.0.0/15. Hizo ni anwani ambazo Microsoft wametangaza kuwa za sauti na picha za Teams. Ukiongeza Zoom na Meet, poti nimezitaja juu. Kanuni ikae *juu*, kwa sababu faiwoli nyingi husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana. Ukiiweka chini ya mstari wa kuzuia haitasomwa milele.

Angalia pia kama faiwoli ina kile kipengele cha kufungua na kukagua mawasiliano yaliyofichwa ya TLS. Kama kimewashwa, trafiki ya Teams iondolewe humo. Kukagua simu ya video hakukupi usalama wowote wa maana na kunaiongezea uchovu.

Kingine ni muda wa UDP. Rauta husahau mawasiliano ya UDP yakikaa kimya. RFC 4787 ya 2007 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) inasema wasisahau kabla ya dakika 2, lakini visanduku vingi vimewekwa sekunde 30. Ukipata mahali pa kubadilisha, weka 120 au zaidi. Kwa Teams si jambo kubwa kwa kuwa pakiti hazinyamazi. Kwa SIP ni kubwa.

Sasa mtambo. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo penye utamu.

Mtambo wako una anwani ya ndani, tuseme 192.168.10.50. Hizo za 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani na RFC 1918 ya 1996, na nje ya ghorofa lenu hazina maana yoyote, kila ofisi Nairobi inazo. Pakiti ikitoka, rauta inabadilisha anwani ya mtumaji iwe ile ya umma. Hadi hapo sawa. Tatizo la SIP ni kwamba anwani imeandikwa *pia ndani ya ujumbe*, na rauta ya kawaida haigusi ndani. Ni sawa na kutuma barua ambayo bahasha ina S.L.P. ya kampuni, halafu ndani umeandika "nijibu chumba cha tano." Mtu wa Mombasa anafungua barua na kutuma majibu chumba cha tano cha nyumba yake mwenyewe.

Soma dalili zako kwa jicho hilo. Mteja anapiga, mnapokea. Mtambo wenu unatuma jibu la "200 OK" na ndani yake umeandika 192.168.10.50 mara mbili: mahali pa kutuma picha na sauti, na mahali pa kuendeleza mawasiliano ya simu. Picha yenu inakwenda kwake kwa kuwa anwani yake ni ya kweli. Picha yake inatumwa 192.168.10.50 na kupotea. Kwa hiyo anawaona, hamumwoni.

Na ile kujikata? SIP inataka aliyepiga athibitishe kwa "ACK" kwamba amepata lile 200 OK. ACK yake nayo inakwenda 192.168.10.50. Mtambo wenu unangoja, unarudia 200 OK, unangoja, na ikifika sekunde 32 unakata tamaa na kukata simu. Hiyo 32 haikutoka hewani, ni nusu sekunde mara 64, imo kwenye RFC 3261. Chukua saa upime. Simu ya SIP inayokufa karibu na sekunde 32 ni ACK haijafika, na sijakutana na sababu nyingine ya kawaida. (Ikikufa kwenye dakika 15 au 30 ni habari nyingine, ile ni saa ya kikao ya RFC 4028, sekunde 1800 na nusu yake.)

Niambie: kati ya mtambo na waya wa faiba kuna visanduku vingapi? Na kila kimoja kina anwani gani upande wa nje?

karani_ghorofani
Nimepima. Sekunde 32. Nimebaki mdomo wazi.

Visanduku ni viwili. Cha mtoa huduma kina anwani ya umma (tunalipia ya kudumu) upande wa nje na 192.168.1.1 upande wa ndani. Kisha faiwoli yetu, nje 192.168.1.2, ndani 192.168.10.1. Mtambo ni 192.168.10.50 kweli, umebahatisha. Kwenye vyote viwili kuna poti 5060 imeelekezwa hadi kwenye mtambo. Kwenye kisanduku cha mtoa huduma nimeona pia "SIP ALG" na alama ya vema.

mzee_wa_kebo
Ndiyo hiyo.

BintiRoysambu
Samahani kuingilia uzi wa wenyewe. Mimi nafanya kazi za mtandaoni usiku na wateja wa Marekani, niko fleti Roysambu, waifai ni ya ploti nzima. Mchana Zoom ni nzuri, saa mbili usiku hadi saa nne sauti yangu inakatika. Takwimu za Zoom zinasema UDP. Rauta yenyewe ina anwani 100.72 kitu kitu. Hiyo si ndiyo shida, kwamba sina anwani ya umma?

fundi_swichi
Dada, hapana. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ingekusumbua kama ungetaka kuendesha seva nyumbani. Zoom inapita humo bila wasiwasi, na kama takwimu zinasema UDP, faiwoli haihusiki. Ingekuwa anwani, ingekuwa mbaya hata saa nne asubuhi.

Inayokuua ni hewa na foleni. Saa mbili watu wamerudi kutoka kazini, kila nyumba ina rauta yake kwenye 2.4 GHz ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hamia 5 GHz kama ukuta unaruhusu. Bora zaidi, mwombe mwenye ploti akuvutie waya. Halafu fungua ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) ya kwenda 8.8.8.8 ukiwa kwenye mkutano. Namba zikiwa ndogo na ghafla zikapanda hadi mamia, kuna mtu anapakia video au simu yake inahifadhi picha mtandaoni na foleni imejaa kwenye rauta. Hapo dawa ni kuweka kikomo cha kasi kwa kila nyumba, si kununua kasi zaidi.

BintiRoysambu
Asante kaka. Mwenye ploti nitamwonaje bila kuongezewa kodi, hilo ndilo swali 😅

fundi_swichi
Karani, turudi kwako.

SIP ALG ni kipengele kilichowekwa kwa nia njema. Kinafungua ujumbe wa SIP na kubadilisha anwani iliyo ndani ili mtu wa nje apate ya umma. Kingefanya kazi vizuri hapa tungekuwa tumelala. Lakini angalia kilipo: kiko kwenye kisanduku cha nje, ambacho kinamjua mteja mmoja tu, 192.168.1.2, yaani faiwoli yenu. Ndani ya ujumbe kinakuta 192.168.10.50, anwani kisiyoifahamu. Vingine huiacha ilivyo, vingine huandika nusu ya ujumbe na kuacha nusu. Kwa vyovyote, mnabadilishiwa anwani mara mbili na hakuna aliyeona picha nzima.

Mimi ningefanya hivi. Zima ALG. Mwombe mtoa huduma akigeuze kisanduku chake kiwe daraja tu, kisibadilishe anwani, ili ile ya umma ikae moja kwa moja kwenye faiwoli yenu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtambo wenyewe. Mitambo hii karibu yote ina sehemu inayohusu NAT, yaani kubadilisha anwani, ambapo unaandika anwani yako ya umma, nao ndio utakaoiandika ndani ya ujumbe badala ya 192.168.10.50. Hapo hapo uweke mipaka ya poti za sauti na picha, na poti hizo hizo uzielekeze kwenye mtambo kutoka kwenye faiwoli.

Halafu majini ya saa nane. Poti 5060 imeachwa wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila anwani kwenye 5060 kutafuta mtambo wa kupigia simu za bure, na huja na majina kama 100 au 1001. Kanuni ya 5060 na poti za picha iwe na chanzo kimoja tu: anwani ya umma ya mteja wa Mombasa. Askari atalala. Yaani, hatalala, lakini unanielewa.

mzee_wa_kebo
Na kama mtambo unaweza pia H.323 (lugha nyingine ya simu za video) na hamuitumii, izime. TCP 1720 nayo hugongwa vile vile.

Msumari
Nimetoa DMZ. Zoom bado iko sawa. Sisemi kitu.

karani_ghorofani
Wadau, habari za Teams ni njema. Niliongeza kanuni ya UDP, nikaiweka juu, nikajaribu kwa Chrome na sasa inaandika udp. Leo asubuhi kesi imetajwa, wakili amesikika, jaji ametoa tarehe, basi. Hakuna aliyenishukuru kwa sababu hakuna aliyeona kitu, lakini nafikiri ndivyo ilivyo.

5060 nimeifunga, imebaki ya Mombasa peke yake. Usiku kimya.

Kwenye daraja mtoa huduma amekubali, ila anataka barua yenye muhuri wa ofisi, na anasema baada ya hapo "mambo ya ndani ni yenu". Niogope?

fundi_swichi
Usiogope, ila usikubali waje Jumatatu asubuhi. Kisanduku kikiwa daraja, kazi ya kujiunganisha inahamia kwenye faiwoli yenu. Kwa hiyo kabla hawajagusa, wakuandikie kwa karatasi: je, ni PPPoE (kujiunganisha kwa jina na neno la siri) au anwani ya kuweka kwa mkono? Kama ni PPPoE, jina na neno la siri ni yapi? Kuna namba ya VLAN (alama ya kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja)? Ukikosa moja kati ya hayo ofisi nzima itakaa gizani na fundi wao ameshapanda matatu.

Kama ni PPPoE, kwenye faiwoli weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1492 badala ya 1500. Ukisahau, tovuti nyingi zitafunguka na chache zitagoma bila sababu ya kueleweka, na utarudi hapa kuanzisha uzi mwingine. Piga picha mipangilio yote ya sasa ya visanduku vyote viwili kabla ya kubonyeza chochote.

karani_ghorofani
Nimeandika yote. Nimewaomba waje Ijumaa jioni mawakili wakishatoka, na Mombasa wamekubali kubaki wakitupigia tujaribu. Barua inangoja muhuri tu, na muhuri uko kwa wakili mkubwa.